Ulimi wa Kuazima: Maillu na Mhusika wa Kike

Wahakiki wetu wana mazoea ya kumsifu mtunzi kwamba "ameingia katika nafsi" ya mhusika asiyefanana naye. Mwanamume akiandika "mimi" na msomaji akatambua kuwa anayesema ni mwanamke, sifa hiyo hutolewa papo hapo, kana kwamba kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuitilia shaka sifa hiyo, na yatafanya hivyo kwa kutazama hasa kazi za mtunzi mmoja aliyetoka kwetu Machakos.

David Maillu alizaliwa mwaka 1939 huko Kilungu. Kwa mpaka wa siku hizi Kilungu ni sehemu ya Makueni, iliyotengwa na Machakos mwaka 1992, lakini alipokuwa akiandika vitabu vilivyompa jina palikuwa Machakos, na wazee wa huko bado husema kwao ni Masaku. Katika miaka ya 1970 Maillu alijitolea vitabu vyake mwenyewe jijini Nairobi kupitia shirika lake la Comb Books: *Unfit for Human Consumption* na *My Dear Bottle* mwaka 1973, *After 4.30* mwaka 1974, na vingine vilivyofuata kwa kasi. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Vyuoni vilidharauliwa, mitaani vikanunuliwa. Sisi tuliokuwa wanafunzi wa sekondari Machakos tulivisoma vikiwa vimevikwa karatasi za gazeti, na yafaa nikiri mapema kwamba tulivisoma kama wavulana.

Huenda msomaji akauliza vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza vina nafasi gani katika jarida la lugha za Kiafrika. Suala tunalolichunguza halina mpaka wa lugha, na mtunzi wa riwaya ya Kiswahili hukutana nalo kila anapomfungua mdomo mhusika wake.

Jina la *After 4.30* linatokana na saa kumi na nusu jioni, wakati wa kufungwa ofisi, ambapo makarani wa Nairobi huanza maisha yao ya pili. Wanaozungumza humo kwa sehemu kubwa ni wanawake: Emili Katango, anayeishi kwa fedha za wanaume, na Lili, mpiga taipu anayeandamwa na mkubwa wake wa kazi. Lugha yao ni kali, haina haya, na mara nyingi inachekesha. Wanawalaani wanaume kwa maneno ambayo wanaume wenyewe hawakuzoea kuyasoma. Kwa hiyo si haki kusema, kama walivyosema baadhi, kwamba Maillu aliwatukana wanawake tu. Amewapa ulimi.

Lakini ulimi huo unasema nini? Miaka kadhaa iliyopita nilikisoma tena kitabu hiki pamoja na darasa lililokuwa na wasichana wengi kuliko wavulana. Mmoja wao, asiyependa sana kuzungumza, alisema kwamba hata wanawake wawili wanapokutana humo, mwanamume hukaa katikati yao. Nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu upya kwa kalamu ya risasi mkononi, na alama nilizotia pambizoni zilimuunga mkono. Emili anawachukia wanaume, anawahesabu, anawadhihaki, anawahitaji. Ni nadra kuacha kuwatazama. Mtu atajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Jibu hilo halitoshi. Seremala huishi kwa mbao, na kwa sababu hiyo hiyo jioni hataki kusikia habari za mbao. Mwanamke wa kazi ile, nadhani, angechoshwa na wanaume muda mrefu kabla ya saa kumi na nusu. Kuwaona wanaume kuwa jambo lenye kuvutia daima, hata kwa chuki, ni hali ya mwanamume anayejiwazia jinsi anavyotazamwa. Kwa hiyo ulimi ni wa Emili, lakini jicho limebaki la mtunzi.

Okot p'Bitek alimtangulia Maillu katika njia hii. *Song of Lawino* kilitoka mwaka 1966, na mwaka 1975 Paul Sozigwa akakitolea tafsiri ya Kiswahili, *Wimbo wa Lawino*. Lawino naye anamlalamikia mwanamume, tena mumewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo malalamiko yake hupita jikoni. Anajua kuni na moto wake, anajua mawe ya kusagia, anajua kila kitu kinakaa wapi ndani ya nyumba ya mama yake na kwa nini. Tukimwondoa Ocol katika utenzi ule, Lawino atabaki na boma zima la kulisemea. Tukiwaondoa wanaume katika *After 4.30*, sijui Emili atabaki na nini.

Wengine tuwapitie kwa haraka. Mohamed Suleiman Mohamed katika *Nyota ya Rehema* (1976) amempa Rehema shamba, na ardhi inamlazimisha kufikiri mambo ambayo mapenzi peke yake yasingemfikirisha. Ndyanao Balisidya, mwanamke, alikwenda upande wa pili: katika *Shida* (1975) alimfuata kijana Chonya kutoka kijijini hadi Dar es Salaam, na katika msako wa kazi kijana yule ana njaa yake mwenyewe, isiyomngojea mwanamke aje kuieleza.

Euphrase Kezilahabi anahitaji neno zaidi. Katika *Rosa Mistika* (1971) hakuazima ulimi wa mtu. Msimulizi anakaa nje, na mara kwa mara anatueleza Rosa kama mwalimu anavyoeleza mfano ubaoni. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kutokana na kipigo kile mengine yote yanafuata kwa utaratibu ambao pengine ni nadhifu mno. Mhusika hapumui vizuri ndani ya hoja. Lakini baada ya vifo vyao Kezilahabi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, na pale Rosa anajitetea. Sioni kama mtunzi analo jibu la kutosha kwa mashtaka yale, na kwa maoni yangu ndipo Rosa alipoachiliwa kuwa mtu.

Turudi Kilungu. Maillu alikuwa na mwanamke mwingine karibu zaidi, naye hakumpa ulimi wa kutosha. Katika *Unfit for Human Consumption* Jonathan Kinama, karani wa Nairobi, anamaliza mshahara kwa pombe na wanawake huku mkewe akiwa nyumbani mashambani. Mke huyu tunampima hasa kwa fedha asizopelekewa. Na yeye ndiye aliyekuwa Machakos yenyewe! Wanaume walikuwa Nairobi, Mombasa, jeshini na polisi. Matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambayo mgeni huyaona leo yamezunguka vilima vyetu, kwa sehemu kubwa yalichimbwa na vikundi vya mwethya vilivyojaa wanawake. Mazungumzo ya mwethya ni ya mbegu, maji, karo, nani anaumwa na nani hakuleta jembe lake. Wanaume hutajwa, lakini hutajwa kama mvua: ikija, imekuja.

Wako vijana wanaohitimisha kutokana na hoja za namna hii kwamba kila mtu aandike habari zake tu. Wakifuata kanuni hiyo, riwaya zao zitakuwa na mtu mmoja ndani ya chumba. Siwaungi mkono, ingawa nami nilijaribu nikashindwa. Niliwahi kuandika hadithi fupi ya mwanamke wa mwethya ambaye mumewe hakurudi kutoka Nairobi. Anakaa mlangoni tangu alfajiri hadi adhuhuri akiwaza. Niliiona nzuri. Nilimsomea dada yangu mkubwa, nikiifasiri kwa Kikamba kadiri nilivyoendelea, naye alisikiliza hadi mwisho akichambua maharagwe.

"Mwana wa mama," akaniambia, "hadithi yako nimeisikia. Sasa niambie, asubuhi yote hiyo punda yuko wapi, na nani ameenda mtoni?"

Sikuwa nimeandika punda. Nilipomtia, mwanamke yule alilazimika kuinuka mlangoni mapema, na mume akapatikana katika ukurasa wa tatu, njiani, wakati mtungi mmoja ulipovuja.