Wakili, Mwanasheria na Chemba: Uhakiki wa Istilahi za Uwakili katika Mbeya na Iringa

Tangu ilipopitishwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, iliyoirekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kimekuwa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, Kiingereza kikibakizwa kwa hali maalumu ambazo haki yenyewe inadai kitumike. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutawala katika Mahakama za Mwanzo, yaani pale pale ambapo kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Kwa maneno mengine, lugha ilikuwa upande mmoja wa mlango na wakili upande wa pili. Matokeo yake ni kwamba maneno kama mdai, mdaiwa, kiapo, dhamana na hukumu yamekomazwa na matumizi ya wananchi wenyewe, hali maneno ambayo mawakili huyatumia kujieleza wao na kazi yao hayajapata kupimwa na masikio ya umma.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki baadhi ya maneno hayo kama yanavyoonekana katika vibao vya milangoni, barua rasmi na karatasi za wasifu za ofisi za mawakili katika miji ya Mbeya na Iringa. Tumeichagua miji hii kwa sababu mbili. Kwanza, kila mmoja una makao ya Kanda ya Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani hufanya vikao vyake huko; tena Iringa ina vyuo vikuu vinavyofundisha sheria, na Mbeya pia masomo hayo hufundishwa. Pili, mashauri ya Nyanda za Juu Kusini ni ya aina nyingi: ardhi ya mpunga Usangu, misitu na chai Mufindi, chai Rungwe, kahawa Mbozi, na mizigo ipitayo kwa barabara na kwa reli ya TAZARA kuelekea mpaka wa Tunduma. Mwananchi wa huko anapoingia katika ofisi ya wakili huwa na haja ya hakika, na jambo la kwanza analokutana nalo ni maneno. Hatutaji ofisi yoyote, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno na wala si watu.

Kwamba jambo hili si la mapambo tu, historia ya Iringa yenyewe inatuonyesha. Desemba 25, 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa huko Isimani, na Saidi Mwamwindi akashtakiwa kwa mauaji hayo. Hukumu ya mwaka 1972, iliyotolewa na Jaji Onyiuke kutoka Naijeria, iliandikwa kwa Kiingereza. Jambo kubwa lililobishaniwa lilikuwa hali ya akili ya mshtakiwa, jambo ambalo kila mwanakijiji ana maneno ya kulieleza. Lakini wengi wa wanakijiji hao hawakuweza kuisoma hukumu hiyo ila kwa kutafsiriwa. Leo hukumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Itakuwa ni hasara kubwa iwapo Kiswahili chenyewe kitahitaji tena mkalimani.

Wakili na mwanasheria

Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni pacha. Sivyo. Mwanasheria limeundwa kama mwanasiasa au mwanahewa: mtu wa fani fulani. Jaji ni mwanasheria, mhadhiri wa sheria ni mwanasheria, na ofisa wa halmashauri mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni jina la kazi na dhamana. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupatia pia wakala, kuwakilisha na mwakilishi, na maana yake ya asili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Katika pwani yetu mtu yeyote aliweza kuwa wakili wa mwenzake katika ndoa, katika deni au katika biashara, bila ya kusoma sheria hata siku moja. Zanzibar ililihifadhi neno la jamaa hiyo hiyo, vakili, kwa mtu asiye wakili kamili lakini mwenye leseni ya kusimama katika mahakama za chini.

Hapa ndipo penye hatari. Mtu anayezungukazunguka nje ya mahakama akimwambia mjane, "Mama, mimi nitakuwa wakili wako," kwa maana ya kale ya neno hajasema uongo. Kwa maana ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, amesema uongo mkubwa, kwani wakili ni yule tu ambaye jina lake limo katika daftari la mawakili na ambaye leseni yake ya mwaka ule ni hai. Umma umemtafutia mtu huyo jina la kufaa sana: kishoka. Lakini magazeti na hata viongozi husema "wakili kishoka", kana kwamba kishoka ni aina mojawapo ya wakili, kama vile ilivyo wakili wa serikali. Matumizi hayo yanampa mtu huyo kwa mkono wa kushoto heshima ambayo sheria imemnyima kwa mkono wa kulia.

Liko vilevile jina "wakili wa kujitegemea", lililoenea mno. Lilizaliwa kwa nia njema ya kumtofautisha mtu huyu na wakili wa serikali, na halina budi kuheshimiwa kwa sababu ya umri wake. Hata hivyo msikilizaji hudhani kuwa mtu huyo hufanya kazi peke yake, hali huenda ni mmoja wa wabia watano wanaogawana faida na hasara.

Chemba

Vibao vingi hujiita kwa Kiingereza kwa jina ambalo watafsiri wetu hulitohoa kuwa chemba. Ili kuupima utohozi huo, hatuna budi kueleza kitu chenyewe kilivyo kwao kilikotoka. Uingereza ina mawakili wa namna mbili. Yuko solisita, ambaye humpokea mteja, huandaa nyaraka na kusimamia shughuli nzima. Na yuko barista, ambaye kazi yake hasa ni kutoa hoja mbele ya majaji na kutoa ushauri wa kitaalamu. Mabarista hukusanyika katika nyumba moja, wakachangia kodi ya pango na mshahara wa karani anayewapangia kazi. Lakini hawashirikiani mapato, na hakuna anayefungwa na deni la mwenzake. Ndiyo sababu wawili wa nyumba moja wanaweza kusimama kortini kila mmoja upande wake, na hakuna anayeshangaa. Orodha yao hueleza historia ya kila mmoja na aina za mashauri anazozimudu, maana anayetafutwa ni mtu, si nyumba.

Tanzania Bara, kama Kenya na Uganda, haina mgawanyiko huo. Wakili wetu humpokea mteja asubuhi, akaandika hati mchana na kusimama mbele ya jaji kesho yake. Ofisi anamofanyia kazi ama ni yake peke yake au ni ya ubia. Katika ubia, tendo la mmoja laweza kuwafunga wote, na mawakili wa ofisi moja hawawezi kuwatetea mahasimu wawili katika shauri lile lile. Kwa hiyo ofisi ya wabia inayojiita chemba imejivika joho la watu wengine. Mteja anayelijua neno kwa maana yake ya Kiingereza atadhani kuwa kila wakili humo anajibu kwa nafsi yake tu. Asiyelijua atapotea kwa njia nyingine, kwa sababu katika Kiswahili chemba limekwisha kuwa na kazi nyingi: shauri husikilizwa chemba, yaani faraghani kwa jaji, wafanyabiashara wana chemba yao, na mafundi wa maji taka nao wana yao, ambayo hakuna wakili angependa kuhusishwa nayo.

Cha kuchekesha ni kwamba lile jina la "wakili wa kujitegemea" lingemfaa sana barista wa Kiingereza kuliko mbia wa Mbeya.

Wasifu na aina za kazi

Karatasi za wasifu ndizo zenye makosa mengi zaidi. Imeandikwa katika baadhi yao kwamba wakili fulani "aliitwa katika baa". Msomaji wa Kiswahili anazo maana mbili za baa: mahali pa kunywea pombe, na janga. Hakuna hata moja inayomwongezea wakili sifa. Kiswahili kinayo maneno yake tayari, nayo ndiyo yatumikayo katika sherehe za Jaji Mkuu: wakili hukubaliwa, huapishwa na kusajiliwa. Vivyo hivyo "maeneo ya mazoezi" ni tafsiri ya kamusi isiyofikiriwa. Mazoezi ni ya mwanariadha na ya mwanafunzi. Mgonjwa hapendi kusikia kuwa daktari anafanyia mazoezi mwili wake, na mdai naye hapendi kusikia kuwa shamba lake ni uwanja wa mazoezi.

Makosa hayo huchekesha tu. Yaliyo mabaya zaidi ni yale ambayo maneno yake ni sahihi lakini maana yake ni mbili. Tuchukue neno hakimiliki. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wakulima wengi wa vijijini wamelijua kutokana na hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini neno hilo hilo ndilo litumikalo kwa haki ya mtunzi juu ya kitabu au wimbo wake. Wakili anapoandika "Utaalamu: hakimiliki" bila ya nyongeza, mkulima wa Mufindi na mwanamuziki wa Mbeya wote wawili watapanga foleni mlangoni pake, na mmoja wao atakuwa amepoteza nauli.

Kadhalika neno usuluhishi. Katika mambo ya kazi tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo usuluhishi ni kuwasaidia wagomvi wafikie mapatano yao wenyewe, na uamuzi ni mtu wa tatu kukata shauri. Lakini katika mikataba ya biashara, na katika jina ambalo wengi huiita sheria ya mwaka 2020 inayohusu jambo hilo, usuluhishi ni kule kule kukata shauri. Basi mfanyabiashara wa Iringa anayetia saini mkataba wenye kifungu cha "usuluhishi" hajui kama amekubali kuketi na kuzungumza, au amekubali kufungwa na neno la mtu asiyemjua. Hili si suala la ufasaha. Ni suala la mali.

Mapendekezo

Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa watafsiri, walimu na maofisa wanaohusika.

(a) Wakili litumiwe kwa aliyesajiliwa na mwenye leseni hai tu. Mwanasheria liwe kwa kila mwenye elimu ya sheria. Na msaidizi wa kisheria libaki na maana iliyopewa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kishoka aitwe kishoka, au wakili bandia, bila ya kupachikwa katika orodha ya mawakili.

(b) Katika kutafsiri habari za nchi zenye mgawanyiko, barista aitwe wakili wa mahakamani na solisita aitwe wakili wa ofisini. Istilahi hizi zisitumiwe kwa mawakili wetu. Yafaa ikumbukwe kwamba Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye jina lake la Kiingereza linatokana na solisita, ndiye anayeiwakilisha Serikali mahakamani katika mashauri ya madai.

(c) Chemba iachiwe jaji. Nyumba ya mabarista iitwe ofisi ya pamoja ya mawakili; na pale penye kugawana faida na hasara, isemwe wazi: ubia wa mawakili.

(d) Badala ya "maeneo ya mazoezi" isemwe aina za mashauri au nyanja za kazi.

(e) Hakimiliki lisisimame peke yake. Iandikwe hakimiliki ya ardhi au hakimiliki ya kazi za sanaa.

(f) Usuluhishi libaki kwa mapatano. Penye kukata shauri iandikwe uamuzi wa msuluhishi, hadi hapo vyombo vinavyohusika vitakapoafikiana.

Wapo watakaosema kwamba mawakili wenyewe wanaelewana, na hiyo yatosha. Sisi tunaona kuwa istilahi ya sheria haiundwi kwa ajili ya wanaoelewana tayari. Mawakili wawili wakikosea neno, watasahihishana kwa simu. Mkulima akikosea neno, muda wa kukata rufani humpita akiwa angali njiani. Tunawakaribisha wasomaji, hasa walio Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, watuletee maneno wanayoyasikia katika mabaraza ya ardhi na mahakamani, ili yapimwe pamoja na haya kabla ya kusanifishwa.