Namba Tasa ya Tarakimu Milioni 41 Ilithibitishwaje?

Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, alipata namba tasa iliyozidi zote zilizojulikana hadi siku hiyo: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Wengi walishangazwa na urefu huo. Kwangu kinachostahili kushangaza ni uthibitisho, maana hakuna kompyuta inayoweza kujaribu vigawo vyake kimoja kimoja ikamaliza.

Siri imo katika umbo. Ukiiandika kwa 0 na 1, kama kompyuta, ni safu ya 1 tupu. Namba za umbo hili huitwa za Mersenne, nazo zina kipimo chao, kilichoasisiwa na Mfaransa Édouard Lucas karne ya 19, kisha kikanyooshwa na Mmarekani Derrick Lehmer. Tujaribu kwa 31, ambayo kipeo chake ni 5. Anza na 4. Tafuta mraba wake, toa 2, unapata 14. Rudia: 194, ukigawa kwa 31 baki ni 8. Rudia tena: 62, baki 0. Hatua ni 3, yaani kipeo kutoa 2, na mwisho ni sifuri. Basi 31 ni tasa. Kwa 2047, yenye kipeo 11, sifuri haiji, kwa kuwa ni 23 mara 89. Ajabu ni kwamba kipimo hakivitaji vigawo hivyo. Kinasema tu vipo.

Hata kule kugawa si kugawa hasa. 194 huandikwa 11000010. Kata tarakimu tano za mwisho, 00010, ambayo ni 2. Zilizobaki, 110, ni 6. Jumlisha: 8. Baki limepatikana bila kugawa.

Mzigo wenyewe ni miraba: zaidi ya milioni 136, karibu yote ya namba ndefu kupindukia. Mbinu ya Fourier huharakisha uzidishaji huo, lakini hupitia desimali za kukadiria, na kosa moja tu huharibu kila kinachofuata. Ndiyo maana mradi wa GIMPS, unaosaka namba tasa za Mersenne, huanza na kipimo cha Fermat, ambacho Robert Gerbicz alikibunia njia ya kujikagua kikiwa kazini. Tarehe 11 Oktoba kadi ya michoro iliyoko Dublin ikatoa jibu: huenda ni tasa.

Huenda, kwa sababu Fermat hudanganyika. Kwa msingi wa 3, hata 91 hupita, nayo ni 7 mara 13. Kesho yake kadi nyingine, San Antonio, ikapitisha kipimo cha Lucas na Lehmer. Kwa kuwa chenyewe hakina ukaguzi wa Gerbicz, kilirudiwa kwa programu na mashine tofauti kabla ya tangazo la tarehe 21.

Ni namba tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana. Nafasi yake kwa ukubwa bado haijathibitishwa, kwani vipeo vyote vilivyo chini yake havijamalizwa kukaguliwa.