Kuvusha au Kueleza?

Kitenzi cha Kiingereza "translate" kina asili ya Kilatini, katika maneno yenye maana ya kubeba kitu na kukivusha upande wa pili. Zamani kilitumika hata kwa mifupa ya watakatifu. Mwaka 1220 mabaki ya Thomas Becket yalihamishiwa mahali papya pa heshima ndani ya kanisa kuu la Canterbury, na tukio hilo mpaka leo huitwa kwa neno hilohilo.

Naiona picha hiyo kila tunapomhukumu mfasiri. Mfupa ukihamishwa haubadiliki, basi naye tunamtaka awe hamali: mzigo ufike kama ulivyotoka. Ajabu ni kwamba Shakespeare hakukifunga kitenzi hicho hivyo. Katika A Midsummer Night's Dream anakitumia kwa mfuma nguo aliyeoteshwa kichwa cha punda.

Sisi tunasema kutafsiri, neno tulilolipata katika Kiarabu, ambako maana yake ni kufafanua. Ndilo linalotumika kwa ufafanuzi wa Kurani. Hamali huulizwa kama mzigo umefika. Mfafanuzi huulizwa ameelewaje.

Tuchukue Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya The Merchant of Venice, iliyotoka mwaka 1969. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akaweka mabepari wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kwa mizani ya hamali, mzigo umechezewa. Lakini "bepari" lenyewe lilitufikia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Siasa ndiyo iliyolitia ukali. Na ule wingi ni hoja. Wasomaji wengi humtazama Shylock, mkopeshaji, kana kwamba uroho wa mji mzima umo ndani yake peke yake. Kichwa cha Nyerere kinamweka Antonio naye kwenye benchi hilohilo.

Sikubaliani naye moja kwa moja. Antonio anaweka rehani nyama ya mwili wake kwa ajili ya rafiki, na neno "bepari" la mwaka 1969 halimwachii nafasi ya upendo huo. Ila huo ni ubishi juu ya namna alivyoielewa tamthilia, na ndio ubishi ninaoutaka. Tukimwita hamali, tutakagua mizigo tu, wala hatutamuuliza alichosoma.