Upanga wa Kanjogera: Silaha au Kisingizio?

Masimulizi ya mapinduzi ya Rucunshu (1896) humpa Kanjogera upanga uitwao Ruhuga, kana kwamba chuma hicho ndicho kilichomwondoa Mfalme Rutarindwa na kumtawaza Musinga, mwanawe Kanjogera. Kifani, masimulizi haya yamefaulu: silaha yenye jina humfanya mhusika asisahaulike. Udhaifu, kwa maoni yetu, umo katika maudhui. Mara nyingi mwanamke na upanga wake hubebeshwa lawama zote, huku njama za kaka yake Kabare na mvutano wa utiifu kati ya Abega na wafuasi wa mfalme vikififia. Hapa Rwanda tunaijua gharama ya historia iliyopotoshwa. Mwalimu asiishie kuwauliza wanafunzi upanga uliitwaje. Awaulize pia nani alifaidika kisa kiliposimuliwa hivyo.