Bana Shaba na Baba Yao



Hapa Anderlecht, jirani na soko la machinjio, tunawaita kaka, dada na yaya watu ambao hatuna babu mmoja nao. Wengine tulikaa nao dawati moja, wengine tulikuwa nao zamu moja kazini. Ndiyo maana kitabu cha Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kinatugusa hata kabla ya kukifungua. Kilitoka Paris mwaka 2001 kwa jina Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Litazameni jina lenyewe: watoto wametajwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, baba kwa Kifaransa.

Baba huyo ni kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilichoka kupoteza vibarua kila mkataba ulipokwisha. Tangu miaka ya 1920 ikawahimiza wakae kambini na wake zao. Nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule chini ya wamisionari Wakatoliki. Mtoto alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, yote ndani ya mkono huo mmoja. Dibwe anaonyesha vizuri jinsi mzazi wa kweli alivyopunjwa madaraka nyumbani mwake. Kampuni ikataifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na ilipodhoofika mama na watoto wakaanza kujitafutia riziki, kauli ya baba ikazidi kushuka. Kurasa hizo ni za kusoma polepole.

Lakini tuna neno. Anachokifuata mwandishi, tangu 1910 hadi 1997, ni mamlaka: nani anaamuru, nani anatii. Udugu wa bega kwa bega haukupata nafasi tuliyoitamani. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawapiga risasi Elisabethville. Siku ile baba alijulikana. Waliosimama pamoja walitoka vijiji na makabila mbalimbali, na Kiswahili cha kazini ndicho kilichowaunganisha. Huo nao ni ukoo, ingawa haukuandikwa katika daftari la kampuni. (Sisi wahandisi tuna tabia ya kuuliza ni nini kilichobeba mzigo nguzo kuu ilipoanguka.)

Tena kitabu kilitangulia pigo kubwa. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kwa mtu anayedai mishahara ya miezi na miezi?

Baadhi yetu tumetoka katika nyumba hizo. Msiba ukitokea huku, simu za kwanza hupigwa na waliosoma pamoja na waliofanya kazi pamoja. Hao ndio wanaochanga maiti ipelekwe nyumbani, mara nyingine kabla shemeji hajapata habari. Baba aliondoka, bana wakabaki wanaitana. Tungependa Dibwe, au mwanafunzi wake, atuandikie habari za hao.

Nakala yetu ni moja tu, nayo inazunguka kwa zamu. Anayeitaka atuulize Jumapili, aje na daftari, maana haitakaa kwake zaidi ya wiki mbili.