Chumba cha Mjomba

Riwaya hii nimeisoma mara mbili, na kila mara nimemaliza nikimkasirikia mtu tofauti. Mara ya kwanza nilimkasirikia kijana. Mara ya pili, Desemba hii, nimeisoma nikiwa nyumbani Ngao, chini ya mwembe wa bibi ambako ndiko network hupatikana vizuri, na hasira yangu ikahama. Nataka nieleze ilihamia wapi.

Kitabu ni Gravel Heart cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka 2017, miaka minne kabla mwandishi hajapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wetu tulimjua Gurnah baada ya tuzo, tukaenda mbio kutafuta Paradise, na waliobahatika wakaipata Peponi, tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Gravel Heart ikabaki pembeni. Haina vita, haina misafara ya bara. Ina mvulana wa Unguja anayeitwa Salim, chumba nyumbani kwa mjomba wake London, na kozi asiyoitaka.

Hadithi kwa ufupi. Salim ni mtoto mdogo babake anapohama nyumbani na kwenda kuishi peke yake katika chumba cha nyuma ya duka. Hakuna anayemwambia kwa nini. Kila siku mamake, Saida, anapika chakula na kumtumia yule mume aliyeondoka, na Salim ndiye mchukuzi wa kikapu. Kisha mjomba Amir, kaka wa mama, ambaye sasa ni mwanadiplomasia, anakuja likizo na kutangaza kwamba atamchukua kijana aende akasome Uingereza. Atakaa kwake. Atasoma biashara. Kila mtu anashukuru.

Hapo ndipo binamu yangu anapoingia. Ana diploma ya uuguzi, na mwezi ujao anaenda kukaa kwa mjomba wetu huko huko Uingereza ili asome Kiingereza kwanza, apasi mtihani wao, halafu ndiyo atafute kazi. Usicheke ukasema si Kiingereza tunakijua. Mwaka 2021, baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi, waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliopita. Watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne! Binamu yangu anaikumbuka habari hiyo vizuri kuliko mimi. Kwa hivyo nilipomwona amekaa na simu akijifunza maneno, nikampa kitabu. Nilidhani namsaidia.

Sehemu bora ya riwaya, kwangu, ni zile kurasa za nyumba ya Amir. Gurnah hapigi kelele. Mtu akitaka kuandika juu ya kukaa kwa watu, jaribu la kwanza ni kumfanya mwenyeji awe shetani: ananyima chakula, anatukana, anafungia friji kufuli. Amir hafanyi hayo. Anampa mpwawe chumba, anamlipia ada, anamweleza dunia ilivyo. Shida ni kwamba kila alichopewa Salim kina uzi umefungwa, na ncha ya pili iko mkononi mwa mjomba. Anasoma biashara kwa sababu mjomba amesema biashara. Anachangamka mezani kwa sababu mgeni hanuni. Anajifunza kushukuru kwa Kiingereza, ambako neno la asante linatumika kila dakika mpaka linaisha ladha.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwa watu atazijua kurasa hizo mwilini. Mimi nilikaa Mombasa kwa shangazi miaka miwili nikimaliza sekondari. Si ng'ambo, najua, lakini kutoka Ngao hadi Mombasa si karibu ukiwa na miaka 16 na Kiswahili chako kina lafudhi ya Kipokomo ambayo watoto wa nyumba wanaiigiza kwa kucheka. Nilijifunza mlango upi unapiga kelele usiku. Nilijifunza kusema nimeshiba. Shangazi hakunitesa hata siku moja, na mpaka leo nikipokea simu yake sauti yangu inapanda juu kidogo, kama ya mtu anayeomba ruhusa.

Kiingereza kina neno moja tu, uncle, kwa watu ambao sisi tunawatofautisha. Gurnah anaandika kwa lugha hiyo na hana la kufanya, lakini msomaji wa Kiswahili anaingia kitabuni na kitu cha ziada. Amir si ami, si baba mdogo. Ni mjomba, ndugu wa mama, yule ambaye mtoto anaruhusiwa kumtania, ambaye nyumba yake ni ya kukimbilia ukigombana na upande wa baba. Kwa hivyo baridi ya nyumba ile inatuuma mara mbili. Mjomba anayekuhesabia gharama ni mjomba aliyeharibika, na unaanza kujiuliza kilichomharibu ni nini muda mrefu kabla ya Gurnah kukwambia.

Salim anafeli. Anajikaza hatimaye kusema kwamba anataka fasihi, si biashara. Mjomba anawaka, na kijana anatoka kwenye nyumba ile. Mara ya kwanza nilipofika hapa nilimlaumu Salim. Nilisema, kwani ingemgharimu nini kumaliza? Wangapi kwetu wangeitaka nafasi hiyo? Nilikuwa nimetoka kwa shangazi juzi juzi, na nilikuwa nimemaliza kozi ambayo sikuichagua, na nadhani nilitaka mtu mwingine naye amalize ya kwake.

Akitoka kwa Amir anaangukia nyumba ya kupanga iliyojaa vijana wa Kiafrika, na mwenye nyumba ni mzee anayeitwa Mgeni. Jina tu, utasema. Lakini soma tena: mwenyeji anaitwa Mgeni. Msomaji wa Kiingereza atalipita kama anavyopita jina lolote la kigeni, wakati sisi tumekua na methali mbili kinywani, ya kwanza inasema mgeni njoo mwenyeji apone, ya pili inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Amir alimpa mpwawe jembe siku ya kwanza na kuliita masomo. Mzee Mgeni, ambaye hana udugu wowote na kijana, ndiye anayempokea bila kumpangia maisha. Analipwa kodi, sawa. Na ndiyo raha yake: deni lenye kiasi, linaloisha mwisho wa mwezi.

Wengine wataniambia habari hii imeshaandikwa, tena mapema, na Tsitsi Dangarembga katika Nervous Conditions, 1988. Kweli kabisa. Tambu anahamia nyumba ya Babamukuru kwenye misheni ili asome, na kule anamkuta Nyasha, binamu aliyekulia Uingereza akarudi Kishona kimempotea. Nikizilinganisha, Dangarembga anashinda kwenye jambo moja: ndani ya nyumba yake kuna mtu wa kubisha. Nyasha anagombana na babake mezani, anakataa kula, anasema yale ambayo Tambu, kwa kuwa ni mgeni, hawezi kuyasema. Salim hana Nyasha. Watoto wa Amir ni wadogo, na mke wa Amir, Asha, anaanza kwa ukarimu kisha anapoa, na hatupewi nafasi ya kuingia kichwani mwake. Kilichobaki ni barua kwa mama, na nyingi Salim anaziandika bila kuzituma. Nyumba ya Gurnah kwa hiyo ni tulivu zaidi na inatisha zaidi, lakini pia kuna kurasa ambapo utulivu ule ni uvivu tu. Katikati ya kitabu, miaka ya Salim Uingereza baada ya kutoka kwa mjomba, mapenzi yanakuja yanaondoka, kazi zinabadilika, na mimi nilikuwa napiga miayo chini ya mwembe. Niruke? Niliruka kidogo. Sikupotea.

Sasa onyo. Aya inayofuata inafichua siri ya kitabu. Kama hujakisoma na unapenda kushtuka, iruke.

Jina la riwaya limetoka kwenye Measure for Measure ya Shakespeare, tamthilia ambayo kaka amefungwa gerezani na anamsihi dadake autoe mwili wake kwa mwenye madaraka ili yeye apone. Mwisho wa riwaya Salim anarudi Unguja baada ya kifo cha mamake, na babake anamsimulia, usiku baada ya usiku, kilichotokea. Amir alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na Asha, binti wa mkubwa serikalini. Kaka wa Asha akataja bei ya kumtoa. Saida akailipa. Amir akatoka, baadaye akamwoa Asha, akapanda vyeo, akafika London, akawa na nyumba yenye chumba cha ziada.

Umeona hesabu ilivyopinduka? Miaka yote ile Salim anaona haya kwa kula chakula cha mjomba, kumbe chakula ni cha mamake. Chumba kililipwa kabla yeye hajakiingia. Mwenye deni ndiye aliyekuwa amekaa kichwani mwa meza akidai shukrani, na nadhani alidai kwa ukali ule kwa sababu alijua. Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia. Si kwa ubaya wa Amir tu, ubaya upo kila mahali. Ni ile namna alivyoweza kumtazama mtoto wa dadake kila asubuhi na kumfundisha shukrani.

Na bado nina ugomvi na Gurnah. Saida, ambaye juu ya mgongo wake kitabu kizima kimesimama, hapati kusimulia. Anasimuliwa na mume, anakumbukwa na mwana. Anakufa kabla ya kuulizwa. Najua jibu la watetezi: aibu ya namna ile haisemeki, na ukimya wake ndio ukweli wa wanawake wengi wa wakati ule. Sawa. Lakini wanaume wawili waliokaa usiku wakimzungumzia wanapata kurasa nyingi za kupoza mioyo yao, na yeye anapata kikapu. Nilitaka sura moja tu yake. Hata kama angeitumia kupika na kunyamaza.

Kikapu hicho kimenirudisha Ngao. Miaka miwili niliyokaa kwa shangazi, kila mwisho wa muhula nilipanda basi kurudi Mombasa na gunia la embe au la mchele wa Tana, na mara nyingine samaki waliokaushwa, wamefungwa mpaka kondakta analalamika harufu. Mama alikuwa akimpa boda wa kunipeleka mpaka stendi ya Tarasaa pesa ya ziada ili mzigo usidondoke. Hakuna aliyeita vile malipo. Shangazi hakuviita, mama hakuviita, na mimi niliyevibeba niliona ni aibu tu ya kushamba. Nimekaa na kitabu hiki nikijaribu kukumbuka magunia yalikuwa mangapi.

Na Ngao yenyewe ni mwenyeji wa zamani. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika hapa 1887, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akajifunza Kipokomo mpaka akaandika sarufi na kamusi yake. Alijifunza kwa nani? Kwa watu waliomkaribisha, waliomrudia neno mara tatu mpaka akalishika. Jina lake liko kwenye jalada, majina ya walimu wake siyaoni. Hakuna hadithi inayosema Würtz alikuwa akiingia jikoni kwa kunyata. Hata wimbo wa taifa wa Kenya umejengwa juu ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, na unaimbwa kila Jamhuri Dei na watu ambao hawajui Tana iko wapi. Siwalaumu. Nasema tu kwamba nani mgeni na nani mwenye deni si jambo la kuangalia nani anamiliki nyumba.

Soma Gravel Heart, basi, hasa kama umewahi kulala kwenye kitanda cha wengine ukiwa na daftari. Kiingereza chake hakitakusumbua. Vumilia katikati. Usiku ule wa baba na mwana usiusome kwa haraka, uwe na chai.

Binamu yangu ameshapata viza. Mama yake ameanza kukusanya vitu vya kumpelekea mjomba, na jana walibishana kama uwanja wa ndege watakubali embe. Kitabu amekifikisha pale Salim anapoandika barua asizozituma. Aliniuliza kama na mimi, kule kwa shangazi, niliziandika. Nikamwambia aendelee kusoma. Akasema sijamjibu.