Lipstiki, Selotepu na Taya Lako

Jamani wana kata ya Kalangalala, hiki kitu kijaribuni! Lipstiki nyekundu ya dukani, selotepu, karatasi nyeupe na kamera ya simu. Basi! Ndivyo vyote vinavyohitajika kusoma alama za midomo, na nimezisoma kwa mara ya kwanza hapa hapa mjini Geita.

Safisha midomo, paka lipstiki kidogo kwa pamba (kila mtu na pamba yake, tafadhali), isambaze, ingoje ikauke, kisha bandika selotepu kuanzia katikati kwenda pembeni. Ibandue, iweke kwenye karatasi, ikuze kwa simu. Lo! Mifereji imejaa! Mingine imesimama wima ukingo hadi ukingo, mingine inakatikia njiani, mingine inatoa matawi, mingine inakatizana, na mingine imefumana kama wavu wa dagaa. Wajapani Suzuki na Tsuchihashi waliipanga hivyo mwaka 1970. Watafiti wengi husoma kipande cha katikati cha mdomo wa chini, upana wa milimita 10 tu. Mji uliozoea kupima dhahabu kwa gramu na pointi utaupenda udogo huo!

Kumbe utamu wenyewe uko kwenye taya. Mwaka 1899 daktari wa meno Mmarekani, Edward Angle, aliugawa mfumano wa meno mafungu matatu kwa kutazama magego ya kwanza: la kwanza magego yamekutana sawa, la pili ya chini yamebaki nyuma, la tatu ya chini yametangulia. Watafiti, wengi wao India, wakauliza: je, mchoro wa mdomo unaweza kudokeza fungu la mtu? Swali hilo lina mzizi tumboni mwa mama. Sehemu ile ile ya uso wa kijusi inayotoa mdomo wa chini ndiyo inayotoa taya la chini, na midomo huungana kati ya wiki ya nne na ya saba. Jambo likitokea huko, au likirithiwa, laweza kugusa vyote viwili. Na mifereji ya midomo inasemekana haibadiliki ukubwani! Hapo ndipo niliposhindwa kutulia.

Majibu ya tafiti hizo bado yanapingana. Mchoro unaohusishwa na fungu la pili mahali pamoja, kwingine hauhusiani nalo kabisa. Kwa hiyo selotepu haimwambii mtu ana taya gani. Hilo hupimwa na daktari kwa kutazama kinywa, na kwa eksirei ya kichwa iliyopigwa ubavuni. Hata hivyo, kwa kuwavutia wanafunzi wajue habari za mataya yao, sijaona kifaa rahisi kuliko hiki.

Kule Moshi, watafiti walishapima mpangilio wa meno ya wanafunzi wa miaka 12 hadi 15. Wataalamu wa meno wa Muhimbili, njooni na Geita, mpime meno na midomo pamoja, tupate majibu ya watu wetu wenyewe!

Nanyi wazazi, msisubiri lipstiki. Mwambie mtoto aume meno. Ya chini yakiwa yametangulia ya juu, mpeleke kwa daktari wa meno sasa, taya likiwa bado linakua.